Wanasiasa na kuhamia kati kabla ya kampeni: Lula, Alckmin na lile koti la nembo

Mzee wa Hoja (mtoa mada):

Wakuu, salaam.

Juzi humu jukwaani watu walibishana mpaka wakatukanana: mwanasiasa anayelegeza msimamo miezi michache kabla ya kampeni ni msaliti au ni mjanja? Mimi naona swali lilikaa upande. Mtu akishajihakikishia kura za watu wake, kura zilizobaki ziko kwa wale wasiompenda sana na wasiomchukia sana. Atawafuata tu, awe wa mrengo wa kushoto au wa kulia. La kuuliza ni hili: amesogea kwa mdomo, au ametoa kitu ambacho hata akishinda hawezi kukirudisha mfukoni?

Nitatumia Brazil, kwa sababu kule mchezo huu wanaucheza mchana kweupe, na mtu mmoja kaucheza mara mbili, miaka 20 ikipishana.

Luiz Inácio Lula da Silva alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto alikiacha kiwandani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akaongoza migomo ya wafanyakazi wa viwandani pembezoni mwa São Paulo, na mwaka 1980 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha wafanyakazi, PT. Akagombea urais 1989 akiwa na ndevu nyeusi tii na sauti ya kukwaruza, akizungumzia kusimamisha malipo ya deni la nje. Alifika duru ya pili, Fernando Collor, mgombea wa kulia, akamshinda kwa asilimia 53 kwa 47. Mwaka 1994 Fernando Henrique Cardoso alimmaliza duru ya kwanza tu, akawa rais. Mwaka 1998 ikawa vilevile.

2002 akaja mtu mwingine kabisa. Suti zimekaa, ndevu zimepunguzwa na zimeingia mvi, tabasamu haliishi. Matangazo ya kampeni akamkabidhi Duda Mendonça, ambaye kabla ya hapo aliwahi kumfanyia kazi Paulo Maluf, mwanasiasa wa kulia ambaye ndani ya PT jina lake lilikuwa kama tusi. Akajulikana kama "Lulinha wa amani na upendo". Kambi ya mpinzani wake, José Serra, ikamleta Regina Duarte, mwigizaji wa zile tamthilia zao ndefu, akaitazama kamera na kusema anaogopa.

Yangekuwa mavazi na tabasamu tu, hata mimi ningeogopa. Lakini jamaa alifanya mambo mawili mazito.

Alichagua mgombea mwenza kutoka upande wa pili: José Alencar, tajiri wa viwanda vya nguo, mwenye Coteminas, seneta wa Minas Gerais kupitia Partido Liberal, chama cha kulia chenye ukaribu na makanisa ya kilokole. Ndani ya PT watu walinuna waziwazi. Seneta Heloísa Helena aligoma hata kugombea ugavana wa Alagoas kwa sababu ya muungano ule.

Halafu tarehe 22 Juni 2002 akatoa barua kwa watu wa Brazil. Wenye fedha walikuwa wanakimbia, sarafu ya real inaporomoka. Ukiisoma barua ile utakuta kurasa zinazoulaumu uchumi wa Cardoso, lakini kilichowekwa pale ili kisomwe na mabenki ni ahadi kwamba serikali yake itaheshimu mikataba na madeni, na itabakiza ziada kwenye bajeti kadiri inavyohitajika ili deni lisiendelee kufura. Huyu ndiye yule wa 1989! Mwezi Agosti IMF ikakubali mkopo wa dola bilioni 30, sehemu kubwa ikiwa ya kutolewa 2003, maana yake chini ya rais ajaye. Cardoso akawaita wagombea ikulu ili asije mmoja akajifanya hakuambiwa. Lula akaukubali. Soko lenyewe halikutulia, Oktoba dola moja ilikaribia real 4, ila wapiga kura walishatulia. Alishinda kwa asilimia 61.

Wengi wanaosimulia kisa hiki wanaishia hapa. Kwangu utamu unaanzia hapa. Wizara ya Fedha alipewa Antonio Palocci, daktari wa binadamu aliyekuwa Mtrotsky, yaani mkomunisti wa msimamo mkali, ujanani. Benki Kuu akapewa Henrique Meirelles, bosi wa zamani wa BankBoston, ambaye Oktoba ileile alikuwa amechaguliwa mbunge kwa tiketi ya chama cha Cardoso! Februari 2003 riba ya Benki Kuu ikafika asilimia 26.5. Lengo la ziada kwenye bajeti likapandishwa kutoka asilimia 3.75 hadi 4.25 ya pato la taifa. Na ndani ya serikali, aliyekuwa akipiga kelele kila kukicha kwamba riba zinaua uzalishaji alikuwa Makamu wa Rais, Alencar. Chama cha wafanyakazi kinatetea riba, tajiri wa viwanda anazipinga. Huwa nacheka peke yangu.

Gharama ilikuwepo. Desemba 2003 PT iliwafukuza wabunge wanne waliokuwa wamepinga mageuzi ya pensheni, Heloísa Helena akiwemo. Wakaanzisha chama kipya cha kushoto, PSOL, na 2006 mama huyo akagombea urais akapata kura zaidi ya milioni 6. Lakini pia Oktoba 2003 ilizaliwa Bolsa Família, ile ruzuku ya fedha taslimu kwa familia maskini, na Desemba 2005 serikali ikatangaza kulipa IMF dola bilioni 15.5 zilizobaki kabla ya muda wake. Mtu wa kushoto aliyekuwa akisubiri dalili alizipata, ila alisubiri.

Sasa upande wa pili wa shilingi, maana wa kulia nao wanasogea. Mwaka 2006 mpinzani wa Lula alikuwa Geraldo Alckmin, gavana wa zamani wa São Paulo. Daktari, mkavu, hana mbwembwe. Duru ya kwanza alipata karibu asilimia 42, watu wakashtuka. Kambi ya Lula ikaanza wimbo mmoja: huyu akiingia atauza Petrobras, shirika la mafuta, atauza Banco do Brasil. Hofu hiyo iliuma, maana chama chake, PSDB, kilishaiuza Vale, kampuni ya madini, na mashirika ya simu. Alckmin akajibu vipi? Akavaa koti na kofia vilivyobandikwa nembo za mashirika ya umma: Banco do Brasil, benki ya Caixa, Petrobras, Posta. Itafuteni ile picha. Daktari wa watu amesimama kama dereva wa mbio za magari, kajaa nembo kifuani, anajaribu kuuambia umma kwamba anayapenda mashirika yao.

Duru ya pili alipata kura pungufu kuliko duru ya kwanza. Kutoka karibu milioni 40 akashuka hadi milioni 37 na nusu. Sikumbuki mgombea mwingine mkubwa aliyesogea kati akapoteza hata alichokuwa nacho.

Hoja yangu ni hiyo. Wote wawili walisogea. Mmoja alikabidhi nafasi, akasaini, akakubali kugombana na watu wake. Mwingine alivaa koti. Wapiga kura waliona tofauti bila kufundishwa na mchambuzi yeyote.

Sehemu ya 2022 naiweka kwenye comment, uzi usiwe mrefu sana. Karibuni.

---

Chumvi ya Mwani:

Mkuu umeshusha nondo. Ila swali la mtu wa kawaida: huyo fundi wa vyuma aliyempigia kura Lula tangu 1989 alipata nini siku Benki Kuu ilipokwenda kwa mtu wa BankBoston? Maana naona unasifia ufundi, husemi nani alilipa.

---

Mzee wa Hoja:

Nimesema gharama ilikuwepo, na sisifii. Mfanyakazi wa serikali aliyeguswa na yale mageuzi ya pensheni ana haki ya kununa mpaka leo. Ila kadiri miaka ilivyosonga kima cha chini cha mshahara kilipanda kwa kasi kuliko mfumuko wa bei, na ruzuku ikazifikia zaidi ya familia milioni 11 kufikia 2006. Angeshindwa mara ya nne, hayo angeyaona nani?

---

Mbeba Box London:

Mtoa mada, kipimo chako ni kizuri ila njoo nikuonyeshe huku Uingereza ambako kimepinda.

Keir Starmer alichaguliwa kuongoza Labour, chama cha mrengo wa kushoto, Aprili 2020 kwa ahadi kumi. Miongoni mwake: kufuta ada za vyuo vikuu, na kurudisha reli, posta, nishati na maji kwenye umiliki wa umma. Hizo zilikuwa kwa ajili ya wanachama, ambao walikuwa bado wa Jeremy Corbyn, kiongozi aliyemtangulia, wa kushoto zaidi. Alipokwishakaa kwenye kiti akaanza kushusha mizigo. Mei 2023 ada za vyuo zikatoka. Julai 2023 akasema hataondoa kile kikomo cha ruzuku ya watoto wawili kwa familia. Februari 2024 ule mpango wa pauni bilioni 28 kwa mwaka za uchumi wa kijani ukakatwa. Corbyn mwenyewe akazuiwa kugombea kwa tiketi ya chama. Mei 2024, wiki chache kabla ya kura, akampokea Natalie Elphicke, mbunge wa Conservative ambaye hata baadhi ya wabunge wa Labour walishangaa anaingiaje.

Kwa kipimo chako huyu katoa vitu kweli, si koti. Na alishinda: Julai 2024, viti zaidi ya 400.

Sasa angalia kura. Asilimia 33.7. Kura milioni 9.7. Corbyn yule aliyeonekana mzigo alipata karibu milioni 12.9 mwaka 2017, na hata mwaka 2019 alipochapwa vibaya alipata milioni 10.3. Starmer alipata viti vingi kwa kura chache kwa sababu Conservative waligawana kura na Reform, chama kingine cha kulia, na mfumo wetu unampa jimbo anayeongoza hata kwa kura moja. Upande wa kushoto Green, chama cha mazingira, walipata viti vinne, na wagombea binafsi wakashinda vitano, Corbyn akiwa mmoja wao, wengine wakibebwa na hasira ya Gaza. Kusogea kati kulimpa ikulu, ila hakukumpa watu.

Na zile ada? Hazikufutwa, mwaka 2025 zilipanda kutoka pauni 9,250 hadi 9,535 kwa mwaka. Nina binti anaingia chuo, kwa hiyo hili silisemi kama mchambuzi.

Reli kweli wanairudisha serikalini, nimpe haki yake.

---

Tumbili Mjanja:

Wanasiasa wote ni walewale. Siku ya kura mimi nalala.

---

Mbeba Box London:

@Tumbili Mjanja basi umelala na wenzako wengi. Uchaguzi huo mahudhurio yalikuwa chini ya asilimia 60.

---

Mama Ntilie wa Houston:

Marekani tatizo ni la aina yake, maana kuna mchujo wa chama kwanza. Mtu anagombea mara mbili mbele ya watu wawili tofauti na kamera zinarekodi zote. Machi 2012 mshauri wa Mitt Romney wa Republican, Eric Fehrnstrom, alihojiwa CNN kama mchujo haujamsukuma bosi wake kulia mno. Akasema kampeni ya mwisho ni kama Etch A Sketch, kile kidude cha watoto cha kuchorea, unakitikisa picha inafutika unaanza upya. Kesho yake wapinzani ndani ya chama wamekinunua wanakipunga kwenye mikutano. Kosa lake ni kusema kwa sauti kitu ambacho wenzake wanakifanya kimya.

Kamala Harris naye. Mwaka 2019 kwenye mchujo alisema anaunga mkono kupiga marufuku uchimbaji wa gesi kwa kupasua miamba. Agosti 2024 akaambia CNN hatapiga marufuku. Sababu mnaijua: Pennsylvania. Akazunguka na Liz Cheney, mwanasiasa wa Republican, majukwaani. Lakini yule wa 2019 alikuwa bado yupo kwenye video, na matangazo ya Trump yakamleta kila jioni sebuleni. Trump mwenyewe naye alisogea kwenye utoaji mimba, Aprili 2024 akasema majimbo yaamue, na ilani ya chama ikaachana na lugha ya zamani ya marufuku ya taifa zima. Yeye hakuonekana mnafiki sana kwa sababu watu wake hawakuwa na pa kwenda, na walishapata majaji wao Mahakama ya Juu. Alishawalipa kabla, akabaki na ruhusa ya kusogea.

---

Mvuvi wa Mtwapa:

Kwetu Kenya habari ya kushoto na kulia haina mashiko. Kati yetu iko kwenye ramani. Katiba ya 2010 inataka zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Kwa hiyo mgombea hasogei kwenye sera, anasogea kwenye eneo. Mwaka 2022 eneo lilikuwa Mlima Kenya, lisilo na mgombea wake mkubwa. Ruto akamchukua Rigathi Gachagua wa Nyeri, Raila akamchukua Martha Karua wa Kirinyaga. Wote wawili walifanya hesabu moja mwezi mmoja.

Sasa mtoa mada, umesema mgombea mwenza ni kitu kisichorudishwa mfukoni. Gachagua aliondolewa Oktoba 2024, Bunge likapiga kura, Seneti ikamaliza. Miaka miwili tu. Kiti kimekwenda Tharaka Nithi kwa Kindiki, bado Mlima lakini upande mwingine wa Mlima. Hapo unasemaje?

---

Bi Kidawa:

Na mimi naongezea hapohapo kwa Mvuvi, na sitoki Brazil kwa mtoa mada. Mbona umeruka Michel Temer? Dilma Rousseff, mrithi wa Lula, naye alichukua mgombea mwenza wa kati, kutoka PMDB, chama kinachokaa na kila serikali. Kilichotokea 2016 tunakijua. Dilma akaondolewa Agosti 31, Temer akakaa kwenye kiti, na waziri wake wa fedha akawa nani? Meirelles, yuleyule wa BankBoston. Wakaweka ukomo wa matumizi ya serikali kwenye katiba kwa miaka 20. Hiyo kati mliyoiendea ilikuja ikala nyumba.

Kwa hiyo kaka yangu, kutoa kitu kisichorudi kunaweza kuwa ndiyo kosa lenyewe.

---

Mzee wa Hoja:

Bi Kidawa, shikamoo. Hapo umenibana pazuri.

Kuhusu Temer: nadhani tofauti iko kwenye kile mtu alichokuja nacho. Alencar alikuja na jina lake na imani ya wenye viwanda, chama chake kilikuwa kidogo bungeni. Temer alikuja na chama kikubwa kuliko vyote nyuma yake, chenye wabunge wa kutosha kuamua serikali ife au ipone. Dilma hakumchukua kuwatuliza wapiga kura, alimchukua kwa ajili ya kura za bungeni na dakika za matangazo ya televisheni, ambazo kule zinagawiwa kwa kufuata idadi ya wabunge. Hiyo ni biashara nyingine. Uchumi ulipokwenda kombo, mwenye kura bungeni akafanya hesabu zake.

Mvuvi, kwa Gachagua nakubali kipimo changu hakivuki mpaka vizuri. Ukimchukua mtu kwa ajili ya eneo lake, thamani yake inakwisha siku unayopata mtu mwingine wa eneo hilohilo.

Sasa 2022, niliyoiahidi. Lula ametoka jela, hukumu zimefutwa, anakabiliana na Jair Bolsonaro, rais wa kulia aliyekuwa madarakani. Anahitaji watu wasiompenda Bolsonaro lakini hawajawahi kuipigia PT maishani mwao. Akamchukua nani awe mgombea mwenza? Alckmin! Yule wa koti la nembo. Yule ambaye Desemba 2017 aliwaambia wanachama wenzake kwamba Lula, baada ya kuivunja nchi, anataka kurudi eneo la uhalifu. Alckmin akaondoka PSDB, chama alichokuwa mmoja wa waanzilishi wake 1988, akaingia PSB, chama cha kisoshalisti, Machi 2022 ili tiketi ikamilike.

Kwenye utoaji mimba Lula aliteleza. Aprili akasema ni suala la afya ya umma na kila mwanamke awe na haki, walokole wakawaka. Oktoba akatoa barua kwao akisema yeye binafsi anapinga, na jambo hilo ni la Bunge. Hiyo mimi naiweka kwenye fungu la koti, na sioni kama iliwahamisha wengi.

Simone Tebet wa MDB (ile PMDB ya zamani), aliyeshika nafasi ya tatu duru ya kwanza, yeye alileta orodha ya masharti ndipo akapanda jukwaani. Oktoba 30 Lula alishinda kwa asilimia 50.9 kwa 49.1. Tofauti ya kura kama milioni 2.1 katika nchi nzima. Ukimtoa Alckmin na Tebet pale, sijui kama hesabu inafika.

---

Chumvi ya Mwani:

Na baada ya kushinda? Maana 2003 alimpa Meirelles benki. Hawa wa 2022 walipewa nini, au walipewa picha ya pamoja tu?

---

Mzee wa Hoja:

Tebet alipewa Mipango na Bajeti. Fedha ilibaki PT, kwa Fernando Haddad, na hapo ndipo wenye masoko walipolalamika kwamba safari hii kati imepewa chenji. Alckmin, mbali na umakamu, alipewa wizara ya viwanda na biashara. Trump alipotangaza ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa za Brazil Julai 2025, aliyetumwa kukaa na wenye viwanda na wakulima, na kuzungumza na Washington, ni yeye.

---

Bi Kidawa:

Marahaba. Koti alilivaa?